Jongoo Bahari, Papa na Gunia la Pamba

Mwaka huu nimechoka, niseme tu ukweli. Magoti yamechoka, macho yamechoka, hata kucheka nacheka huku nimeegemea ukuta. Lakini siku ile nilicheka, jamani!

Tulikuwa tunachambua pamba mimi na mjukuu wangu, binti wa kidato cha pili. Safi huku, fifi kule. Fifi ndiyo ile ya njano, au iliyoliwa na wadudu. Kazi hiyo naifanya tangu sijaolewa. Ila wiki moja nyuma gunia letu lilikataliwa kwenye kituo cha kununulia pamba, kule Dutwa, mbele ya watu. Karani kaingiza mkono, katoa fifi katikati ya safi. Na nilichambua mimi. Mwanangu, baba yake huyu binti, hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisema, "Mayu, mama yangu, chambua hili moja, nitalikagua mwenyewe. Likiwa na fifi, basi, upumzike. Ukae tu."

Ukae tu! Kwetu anayekaa tu anakuwa kama kinu kilichopasuka, kuku wanatagia humo.

Sasa huyu binti alikuwa na kazi ya shule, alinganishe jongoo bahari na papa. Mimi bahari sijaiona, nimeishia ziwani, tena siku moja tu, kwenye msiba. Akanionyesha picha.

"Hili si tango limeoza?"

"Bibi! Ni mnyama huyo."

"Mdomo uko wapi, na matako?"

"Huku na huku. Anakula mchanga wa chini kabisa. Chakula kilichomo kinabaki tumboni, mchanga anautoa."

"Kumbe anachambua!"

"Anachambua, na macho hana. Anapapasa tu. Ila papa huyu ananusa damu toka mbali, jino liking'oka linaota lingine. Na hatulii, wapo ambao wakiacha kuogelea wanakufa."

"Huyo ni baba yako! Ananusa fifi toka Dutwa, na kukaa hawezi."

Tulicheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Halafu nikawaza, yule jongoo hana macho na anachambua. Nikafumba yangu, nikapapasa. Weee! Iliyoliwa na wadudu ni ngumu, imegandamana, vidole vinaijua. Nilifurahi kama mtoto. Nikajaza gunia, nikamwambia binti akague.

Akapekua mpaka ndani. Akaniwekea mkononi vipande vitatu, laini kabisa kama vingine.

"Ni vya njano, bibi. Rangi haishikiki."

Nilisikia uchovu wote wa miaka umekaa begani. Yeye akasogeza kitabu pembeni, akakaa karibu. Tukamwaga gunia upya, nikawa natoa ngumu, yeye anatoa njano.

Baba yake alipofika alizamisha mkono ndani ya gunia, mpaka kwapani. Nikamuwahi kabla hajatoa.

"Ngumu nimetoa mimi kwa vidole. Za njano katoa mwanao. Peke yangu nisingeweza."

Akatafuta mpaka chini. Hakupata kitu. Akajifuta mkono kwenye suruali.

"Basi muwe mnachambua wawili, mayu."

Nilitaka aseme, chambua, mayu. Nilipata nusu, nikaichukua, maana kubishana nako kunataka nguvu.

Binti akarudi kwenye daftari lake. "Bibi, nimekwama kwenye wanavyofanana. Nimeandika wote wanaishi baharini."

"Andika na wote wanachoka."

"Mwalimu atakata."

"Akate."

Akaandika, ila kwa penseli.