Kitambaa Juu ya Sauti ya Mwalimu

Nyumbani kwa Edah, nyuma ya soko la Bungoma, hakuna chombo kilichokaa uchi. Televisheni ilivaa kitambaa, redio ilivaa kitambaa, friji ilivaa chenye pindo la maua, hata jagi la maji lilikuwa na kofia yake. Vyote alivifuma mwenyewe kwa sindano ya kroshia, na siku za soko la Chwele alijaza vingine kapuni akawauzie mabibi harusi. Alikuwa mwanamke nadhifu, na unadhifu wake ulikuwa na ukaidi ndani yake. Ukimwambia Edah kwamba kitu fulani hakihitaji kitambaa, umemtukana.

Mumewe, Mwalimu Nehemiah, alimtukana hivyo kwa miaka mingi. Juu ya kabati la sebuleni palikuwa na sanduku jeusi, ukubwa wake kama mkate mmoja mzima, alilolinunua Kitale kwa fundi mmoja wa mtaa wa Tuwan aitwaye Farid. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, kila moja ikibeba yale yale yaliyomo katika mwenzake, ili moja ikifa nyingine ibaki. Humo Mwalimu aliweka kila alichowahi kukisema au kukiimba mbele ya maikrofoni: kwaya aliyoifundisha miaka thelathini, ibada alizoongoza, hadithi alizowasimulia watoto redioni. Edah alilivika sanduku kitambaa. Mwalimu akakivua. Edah akakirudisha.

"Edah, hii mashine inapumua," Mwalimu angenguruma kwa ile besi yake iliyokuwa ikitikisa madirisha ya kanisa.

"Natoa, Baba Nelima, natoa," Edah angejibu kutoka jikoni, na asitoe.

Kisha koo la Mwalimu likaugua. Miaka mitatu iliyopita madaktari walikata kile kipande cha koo kinachotoa sauti, wakamwachia uhai na tundu dogo shingoni. Tangu siku hiyo maneno yake yalikuwa kwenye daftari la shule, na alipomtaka mkewe aligonga meza kwa kijiko. Kitambaa kikabaki juu ya sanduku bila mtu wa kukikataa, maana nani atachukua kalamu aandike ugomvi wa kitambaa? Tena Mwalimu mwenyewe hakulisogelea tena lile sanduku. Mara moja tu aliandika habari zake, wiki aliyotoka hospitali, na Edah aliukata ukurasa ule akauweka ndani ya Biblia yake. Ulisema hivi: *Sauti yangu iko mle. Sitaki kuisikia. Lakini najua iko.*

Mwaka jana sanduku lililia. Ilikuwa tii, tii, tii, katikati ya maombi ya akina mama, wakati Nakhumicha, jirani yake, akiwaombea wagonjwa kwa uchungu. Edah aliona haya. Alikumbuka kitufe cha nyuma ambacho Mwalimu alikuwa akikibonyeza sanduku likipiga kelele stima ikirudi baada ya kukatika, akanyata, akakibonyeza, likanyamaza. Akanyoosha kitambaa chake vizuri, akarudi kupiga magoti. Hakujua kwamba sanduku lilikuwa linatangaza msiba, na kwamba tangu saa ile diski moja ilikuwa imebaki peke yake, ikifanya kazi chini ya joto la nyuzi alizozifuma yeye.

Alijua Jumatatu moja ya msimu wa mvua, alipokivua kitambaa ili akifue. Sanduku lilikuwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Taa mbili nyekundu zilimtazama. Na mle ndani kitu kilikuwa kikigonga, tik, kikinyamaza, tik, kama kucha kwenye kioo. Alisoma namba ya Farid kwenye kibandiko cha ubavuni, akatoka mbele ya nyumba kupiga simu, kwa kuwa Mwalimu alikuwa uani akitia mbolea mboga.

"Mama, taa nyekundu ngapi?" Farid aliuliza.

"Mbili. Moja imewaka tu, haizimi. Ingine inawaka inazima, inawaka inazima."

"Basi moja ilikufa kitambo, na hii ingine iko njiani. Sasa sikia, mama. Usizime. Ukizima inaweza kosa kuamka. Na usinibebee uniletee huku Kitale, hiyo barabara itaimaliza. Mimi ndio nitakuja. Si ati ulikuwa umeifunika?"

"Hapana," alisema Edah. Uongo ulimtoka kabla hajauomba.

Wakapatana Alhamisi, siku ambayo Mwalimu angekwenda kliniki Kitale na mdogo wake Wakoli na kurudi jioni. Hizo siku tatu Edah aliishi na roho mkononi. Kufunika sanduku hakuthubutu, na kuliacha wazi hakuthubutu vilevile, maana Mwalimu angeziona taa. Akasimamisha mbele yake picha yao ya harusi. Chakula kilimshinda. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, sikio likitafuta ile tik kupitia ukutani: akiisikia anaogopa, asipoisikia anaogopa zaidi. Kila kijiko kilipogonga meza aliruka. Mwalimu alimtazama, akaandika, *Unaumwa?* Edah akatikisa kichwa, akakimbilia jikoni. Angemwambia nini? Kwamba kitu pekee kilichobaki cha sauti yake, yeye mkewe alikuwa amekipika polepole kwa mwaka mzima?

Alhamisi saa tatu asubuhi Farid alifika, mtu wa makamo, mpole, kofia yake ya kufuma kichwani na kompyuta kubwa mikononi aliyoipakata kama mtoto. Huenda alipishana na Mwalimu barabarani hapo karibu na Chwele.

"Hii sasa ndio seva yenu ya nyumba," alisema akiiweka sakafuni. "Ni kompyuta ya kawaida, imetumika, lakini diski zake mbili ni mpya. Tukihamisha vitu vya Mwalimu, itakaa hapa tu, na simu zenu zitakuwa zinasomea kwake."

Aliinama kulitazama sanduku la zamani. Kwenye matundu ya feni alichomoa kitu kwa ncha ya bisibisi: uzi mweupe wa kroshia, mrefu kama kidole. Akauangalia, akamwangalia Edah, akauangalia tena. Kisha akautia mfukoni, na Edah alitamani afadhali angefokewa.

Waya mmoja ukaunganisha sanduku na seva. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea mafungu manne yenye majina ambayo Mwalimu alikuwa ameyaandika mwenyewe: Kwaya, Ibada, Redio, Edah.

"Mama Nelima, nikuambie ukweli," Farid alisema. "Hii diski inaweza kufa saa yoyote. Haitaweza yote, labda. Wewe uniambie, tuanze na gani?"

Edah alitazama yale majina, na yule mwanamke wa kanisa ndani yake aliyelelewa kuwapakulia wageni kwanza na yeye kula ukoko akajibu kwa niaba yake.

"Kwaya kwanza. Ni ya kanisa zima. Halafu Ibada. Halafu Redio."

"Na hii ya jina lako?"

"Hayo ni makaratasi ya kikundi chetu cha akina mama. Alikuwa ananipigia chapa. Iache mwisho."

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Edah alikaa kwenye ukingo wa kiti akiukodolea macho. Diski ilipogonga, mstari ulisimama, na moyo wake nao ukasimama. Mstari ukasogea, akapumua. Saa tano mvua ilianza, taa za nyumba zikafifia, zikatetemeka, na Edah akajikuta ameshika kabati kwa mikono miwili kana kwamba ndilo litakalozuia stima isipotee. Farid alikuwa amekuja na betri ya akiba, lakini alikiri kwamba ingeshika dakika kumi tu, zaidi ya hapo wamuachie Mungu. Stima haikupotea. Saa saba Kwaya ikaisha. Saa nane na nusu Ibada. Farid aliomba maji akatawadhe, akaswali upesi pembeni mwa sebule, na Edah naye akaomba pale pale alipoketi, macho wazi, asije akakosa kuuona mstari.

Saa kumi na nusu Redio nayo ikapita. Edah alicheka kicheko kidogo cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Haya makaratasi sasa hata yakienda," alisema, "si neno."

Farid alifungua fungu la mwisho. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Mama. Hizi si karatasi. Hizi ni sauti. Ziko kumi na moja."

"Sauti za nini?"

"Zimerekodiwa siku moja zote." Akamsomea tarehe. Ilikuwa siku moja kabla ya upasuaji. Edah aliikumbuka siku ile: Mwalimu alimtuma sokoni, akamtuma tena, akamtuma mara ya tatu, mpaka akaudhika. Farid alianza kumsomea majina: "Getini. Chai. Kuku wako. Jumapili asubuhi..."

Hofu aliyokuwa nayo tangu Jumatatu ilikuwa mchezo. Hii sasa ndiyo ilikuwa hofu yenyewe. "Hamisha!" alisema. "Farid, hamisha, hamisha hizo!"

Mstari ulikwama kwenye ya kwanza. Diski ikagonga, tik tik tik. Farid akairuka. Ya pili ikakwama, akairuka. Ya tatu, vivyo hivyo. Edah alikuwa akihesabu kwa midomo isiyo na sauti. Miaka thelathini na mmoja wamekaa pamoja, mume wake amempangia maneno mahali, na yeye ameyaweka nyuma ya kwaya. Ya tano. Ya sita. Hapo ndipo geti lilipolia.

Sijui mtu hufikiria nini saa kama ile. Edah hakufikiria. Mikono yake ilinyakua kitambaa kilichofuliwa na kukunjwa juu ya kiti, ikakitupa juu ya sanduku, taa nyekundu zikapotea. Farid alifungua mdomo amkataze, lakini Mwalimu alikuwa tayari mlangoni, koti likidondosha maji, leso shingoni, daftari kwapani. Alimtazama fundi. Akaitazama kompyuta ngeni sakafuni, waya uliotoka kwake ukapanda kabatini na kuingia chini ya kitambaa. Picha ya harusi ilikuwa imelala kifudifudi.

Chini ya kitambaa diski iligonga mara tatu kwa nguvu, ikanung'unika, ikanyamaza. Hata feni ilisimama. Nyumba nzima ikabaki na mvua peke yake.

"Imekufa," Farid alisema kwa sauti ya chini. Alipitisha macho kwenye kioo. "Kumi zimepotea nayo, Mwalimu. Imeingia moja." Na kwa kuwa ni desturi ya fundi kujaribu kazi yake kabla ya kuikabidhi, akabonyeza.

Besi ikajaa sebuleni.

"Edah! Edah wee! Toa hiki kitambaa hapa, mama. Mashine inapumua hii, nimesema mara ngapi?" Pakawa na kikohozi, kisha kicheko kifupi cha mtu anayejua kwamba aendako hatarudi na sauti yake. "Na nikinyamaza, usidhani nimekubali."

"Natoa, Baba Nelima, natoa," Edah alijibu. Neno lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka miaka yote kutoka jikoni. Aliposikia alichosema alishika mdomo. Halafu akanyoosha vidole, akakivua kitambaa.

Alibaki amekikumbatia kifuani, uso ukutani, hawezi kugeuka. Nyuma yake alisikia daftari likifunguliwa na kalamu ikikwaruza kidogo tu. Alimngoja Mwalimu amguse bega ampe hukumu yake asome. Lakini Mwalimu alimpita, akamwekea Farid daftari mbele ya macho, kidole kikiwa juu ya neno moja aliloliandika.

*Tena.*