Jina la Kilima Chetu

Kong, kong-kong, kong. Mpaka leo nasikia bidoni za maziwa zikigongana nyuma ya pikipiki, zikishuka asubuhi kutoka malishoni, na Mama mukubwa akipaza sauti kabla pikipiki haijasimama: "Polepole, kaka! Unaniletea maziwa ao siagi?"

Mama mukubwa ni dada wa mama yangu. Yeye ndiye aliyenilea, kwenye kilima juu ya mji mdogo wa Ngungu, katika nyumba ya mbao inayonuka jibini mpaka kwenye mablanketi. Aliniita "waziri" kwa ajili ya ndoto zangu kubwa. Nilipoacha sekondari katikati, nilishuka kufanya kazi sokoni, katika duka la mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo: kuchaji simu, kutoa fotokopi, kuuza mega za intaneti.

Patron, huyo mwenye duka, njo alinifundisha mambo ya majina ya intaneti.

"Dada, jina ya intaneti iko kama parseli, kiwanja ya kujengea," alisema. "Unailipia ya mwaka, haujenge kitu. Bale ba kampuni banabandika matangazo pale. Muntu akipotea njia, akaingia, akagusa tangazo, kakitu kanakuangukia. Na siku mwenye kuihitaji anakuya, anakukuta umekaa ku mulango."

"Na kama hakuye?"

"Matangazo hailale."

Basi nikalilipia jina la kilima chetu, lile lile ambalo watu wanalitumia kuita jibini yetu. Ubaya sikuuona. Moyoni nilimwona tajiri wa mbali akibisha hodi, mimi nikimnunulia Mama mukubwa ng'ombe wawili. Nilikuwa naimba nikitoa fotokopi, wateja wananicheka.

Aliyekuja kubisha ni Mama mukubwa mwenyewe.

Ilikuwa siku ya soko. Alivaa kitenge chake cha kanisani na alikuwa na kibao kwapani. Hoteli moja ya Goma ilikuwa imeanza kuchukua jibini ya wamama wa kilima chetu, na mpishi wake alitaka wageni wapate pa kuona inakotoka. Wamama hawakungoja. Walimwambia seremala achonge anwani nzima ya intaneti, herufi kinyumenyume, kwenye kibao cha kugandamizia jibini, ili isomeke juu ya kila jibini. Wangeuliza nini? Jina la kilima ni letu, nani ataliomba kwa nani?

"Waziri, wewe njo unajua hizi vitu. Tufungulie."

Niliandika anwani mbele yake. Ukurasa ukafunguka: matangazo ya maziwa ya unga.

Alicheka kwanza. "Ya unga! Ku jina yetu! Ng'ombe zikisikia zitagoma." Kisha kicheko kikaisha. "Njo nani huyu?"

"Sijue, Mama. Iko muntu wa mbali."

Patron alinitazama, akaendelea kukata karatasi. Mama mukubwa alipokwisha kwenda, Patron alisema, "Ungemupatia tu. Mimi nauzishia bageni, hapana mama yangu."

Nilisema nitampa. Kweli nilitaka. Lakini kumpa kulihitaji kwanza kusema lilikuwa la nani, na kila wiki nilipata sababu ya wiki nyingine. Nikajipangia Noeli: nitampa kama zawadi, atafurahi, uongo utasahaulika.

Kabla ya Noeli ujumbe ulikuja ku simu, mara tatu ao nne, kunikumbusha kulipia mwaka mwingine. Sikuujali. Kwetu malisho yanaweza kupumzishwa muda mrefu bila ng'ombe hata mmoja, na wapita njia bado wanasema haya ni ya fulani. Uzio wa miti unatosha. Nilidhani jina nalo linajua mwenyewe.

Siku nilipolifungua ili nimpe, nilikuta ukurasa mwingine. Matangazo ya lugha nisiyoijua, na chini mstari mmoja wa Kifaransa: jina hili linauzwa. Kuna mtu huko alikuwa ameketi akingoja nisahau, kama mimi nilivyongoja wengine. Patron alisoma bei, akapiga mluzi, akanirudishia simu.

Hoteli nayo ilikuwa imekwisha kuchoka. Wageni walisoma anwani juu ya jibini, wakafungua, wakakuta maziwa ya unga, wakamcheka mpishi. Akatafuta jibini ya kilima kingine.

Nilipanda juu nikamwambia Mama mukubwa yote. Alikuwa anakoroga maziwa yaliyoganda, na mwiko haukusimama.

"Kumbe njo wewe yule muntu wa mbali."

"Njo mimi, Mama."

"Ungeniambia ile siku, mutoto wangu, ningecheka mpaka chini."

Hakuniita waziri. Nilingoja aniite.

Jumapili Mama mukubwa na wamama wenzake walipokwenda kanisani, mimi nilibaki. Kibao kilikuwa bado kinatumika kwa jibini ya sokoni, na kila atakayesoma na kufungua, atakuwa anamlisha yule aliyengoja nisahau. Niliketi juu ya bidoni iliyopinduliwa, nikashika kipande cha chupa, nikakwangua zile herufi za intaneti zilizolizunguka jina, moja moja, mpaka mbao ikawa nyeupe. Jina la kilima nililiacha. Kisha nikakiosha kibao kwa maji ya moto, nikakirudisha juu ya jibini ya jana, nikaweka jiwe.