Chungulia Ndipo Ufungue

Siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu niliwaua watu arobaini kabla ya chai ya saa nne, na hakuna hata mmoja aliyepata mchubuko. Usinikodolee macho. Kaa hapo nikueleze.

Umekuja hapa Kitengela tangu jana umenuna, hata ugali umeuonja tu, eti kwa sababu wamekuambia urudie mafunzo kabla ya kukupa basi jipya la shule. Unaona wamekudharau, wewe dereva wa miaka mingi. Haya. Msikilize shangazi yako, mwenye mvi hizi.

Nilikuwa mhudumu wa ndege, miaka sita kwenye zile ndogo. Picha yangu ya sare si hiyo hapo ukutani? Kisha kampuni yetu ikanunua ndege kubwa mpya. Ilipotua, magari ya zimamoto yaliimwagia maji kutoka pande mbili, watu wakapiga makofi, wakubwa wakahutubu. Mimi nikadhani kesho yake tunapakia abiria. Wapi! Ikawa inaruka tupu, inarudi, inaegeshwa. Marubani wanajifunza, mafundi wanachungulia kila kona, wakaguzi wa serikali wanaandika. Babu yako, mchuuzi wa ng'ombe wa soko la Kajiado, aliiona ikipita juu ya boma letu akaniuliza, "Hiyo haina mtu ndani?" Nikamwambia ni marubani tu. "Na inachoma mafuta?" Inachoma. Akatikisa kichwa: "Basi mko na wazimu." Nami nilikubaliana naye kabisa.

Sheria ilikuwa hivi: kabla ndege haijabeba abiria hata mmoja, sisi wahudumu tuwaonyeshe wakaguzi kwamba tunaweza kufungua milango yake na kuwatoa watu upesi. Tukishindwa, inabaki chini. Na mimi nilikuwa nimeshamwahidi mama yangu, nyanya yako, kiti kwenye safari ya kwanza. Hakuwa amewahi kupanda ndege, na alikuwa ameshaliambia soko zima.

Wenzangu walishinda kwenye kibanda cha mazoezi, wakivuta mlango wa mfano mpaka mikono ikawauma. Mimi nilienda mara moja, nikaona mlango ni mlango tu, nikajiendea zangu Ngong kusukwa nywele. Mazoea yana taabu, mwanangu.

Mkufunzi wetu alikuwa Mama Habiba, mwanamke wa Wajir, mtaratibu, asiyejua kupiga kelele. Asubuhi ya mtihani alijaza kibanda wafanyakazi arobaini wa ofisini, wacheze abiria. Moshi wa bandia ukafuka, amri ikatolewa: "Tokeni!" Nikaruka, nikainua mkono wa mlango, nikausukuma kwa nguvu zangu zote. Ukafunguka vizuri sana. "Njooni huku! Rukeni!" Wakaruka wote, nami najiona shujaa. Nilipogeuka nikamkuta Mama Habiba ameelekeza kidole kwenye kidirisha cha mlango. Taa nyekundu ilikuwa inawaka pale, na taa hiyo maana yake nje kuna moto.

"Umewateremsha wote motoni," akasema. Hakupandisha sauti. Heri angenichapa.

Akazungumza na wakubwa pembeni, kisha akanivuta kando. "Wewe si ni wa Kajiado? Asubuhi kwenu nani hufungua lango la boma?"

"Mama. Na mimi nilipokuwa msichana."

"Kabla ya kuvuta ile miiba, hufanya nini?"

Aai! Hapo machozi yalinitoka. Wajua lango letu hufungwa kwa matawi ya miiba, na simba huvuka kutoka mbugani. Hakuna mtoto wa boma anayevuta mwiba kabla ya kuinama, kuchungulia nje na kusikiliza ng'ombe wametulia au la. Jirani yetu aliwahi kuvuta bila kutazama. Yeye alipona, ndama wake hakupona. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma. Nikavaa sare, nikayasahau.

"Kuchungulia," nikasema.

"Basi wallahi sikukufunza kitu kigeni. Wakubwa wanataka nikutoe. Nimewaomba siku tatu. Ukikosa tena, sitaomba."

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Nilimweleza mama kila kitu, hata habari ya kusukwa Ngong. Hakunikemea. Alfajiri akaniambia nikafungue lango. Nikainama, nikachungulia, umande tu na mbwa wetu. "Nini iko nje?" akauliza. "Hakuna kitu, yieyo," nikamjibu, maana kwetu mama ndiye yieyo. "Sasa fungua."

Siku hiyo nzima mlango wa jikoni ulikuwa mlango wa ndege. Mama alikuwa akipaza sauti "Tokeni!" wakati wowote anaotaka, hata nikiwa nimeshika maziwa ya moto. Mara nyingine alijificha nje ya kidirisha na shuka yake nyekundu ameinyanyua, ndio moto huo, na ole wangu nikigusa mlango! Tulicheka mpaka mbuzi wakatushangaa. Lakini usiku sikulala vizuri, maana siku tatu si nyingi.

Siku ya mtihani amri ilipotolewa, mikono yangu ilitaka kuurukia mlango. Nikaizuia. Nikachungulia. Nyekundu! Nikatandaza mikono nikauziba mlango kwa mwili wangu: "Moto huku! Piteni kule!" Wale wale wa ofisini wakageuka, wakatokea upande wa pili, wote arobaini. Mama Habiba akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Alhamdulillahi, leo wamefika nyumbani." Nilikaa chini pale pale sakafuni na sare yangu, nikapumua kama mtu aliyetua debe la maji mgongoni.

Wiki iliyofuata wakaguzi walikuja kwenye ndege yenyewe, na bila shaka wakachagua mlango wangu. Nikachungulia, nje kweupe. Nikafungua, mteremko wa mpira ukajaa hewa ukagusa chini. Mkaguzi akatazama saa yake, akaguna. Hata leo sijasikia mguno mtamu kama ule.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Mombasa, hapa hapa nchini, ili marubani wazoee kuruka na kutua. Mama aliketi karibu na mlango wangu, shanga zote shingoni, mkoba mapajani. Nilipomaliza kufunga mlango akaniita kwa kidole mbele ya watu wote. "Umechungulia?"

"Nimechungulia, yieyo."

"Basi twende." Akafumba macho, akalala mpaka Mombasa.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu nitaisema wazi, usije ukasema nilikufumbia. Anayekurudisha mafunzoni hajakudharau. Amekupa mahali pa kukosea ambapo hakuna anayeumia, na mahali kama hapo ni pachache duniani. Ile ndege iliruka tupu siku zote zile ili mama yangu apate kulala. Basi hilo la shule nalo, kabla halijabeba mtoto wa mtu, likubebe wewe peke yako, na ukosee humo mpaka ukome kukosea. Jumatatu urudi. Uliza hata yale unayoyajua. Kuuliza si ujinga. Na yale uliyofunzwa nyumbani, usiyavue unapovaa sare.

Haya, inamisha kichwa nikiguse. Mungu akutangulie kwenye kila mlango, akuonyeshe kilicho nje kabla hujaugusa, na wana wa watu, wote utakaowabeba, walale njiani bila hofu na waamkie kwao. Sema amina. Kisha ule, ugali umepoa.