Surua Haitaki Sindano

Harufu ya machicha ya pombe ya mtama hadi leo inanipandisha hasira. Ndiyo tuliyopakwa mwili mzima, mimi Kulwa na pacha wangu Doto, surua ilipoingia kijijini kwetu karibu na Ushirombo, miaka ya sabini. Ilianza homa, mafua na macho mekundu, kikohozi kikafuata, kisha vipele vikashuka kutoka usoni. Tukafungiwa chumba cha giza. Maji tukanyimwa, eti yangerudisha vipele ndani. Doto akawa analamba ukuta wa udongo kwa sababu ulikuwa wa baridi. Zahanati ya misheni ilikuwa mwendo wa asubuhi moja tu. Aliyetuzuia namtaja: baba mkubwa Lushinge. Baba yetu alikuwa kibarua mbali, kwenye machimbo ya almasi, na neno la nyumba lilikuwa la kaka yake. "Surua haitaki sindano," alisema. "Ukiichoma, inaua." Mwingine ni bibi Holo, aliyenikamulia majani machoni. Doto alifariki siku ya sita. Mimi nilibaki na jicho moja, shule ikaishia darasa la pili.

Mdogo wetu Shija alikuwa mchanga bado, haikumpata. Lakini alipofika miezi kumi, surua ikaanza tena kwa jirani, na habari zikaja kwamba nesi anawachoma watoto wasioumwa sindano ya kuizuia. Mama akamfunga mgongoni peupe, mbele ya baba mkubwa aliyekuwa anasokota kamba ya ng'ombe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Huyo anakwenda wapi?"

"Kwenye sindano."

"We Mama Kulwa! Mmoja hajakutosha? Surua haitaki sindano, nikwambie mara ngapi?"

"Nimesikia, shemeji. Kama haiitaki, basi sindano itangulie kuingia. Surua ikija, ikute nyumba ina mwenyewe."

Mkewe, aliyekuwa anakata viazi vya kuanika michembe, akaficha kicheko kwenye khanga. Mimi na mama tukaondoka, Shija akachomwa. Baada ya wiki moja hivi Shija akapata joto kidogo, na baba mkubwa akaja kusimama mlangoni. "Niliwaambia." Mama akamnyonyesha Shija, akampa maji, tena maji. Siku ya tatu Shija alikuwa anatambaa akifukuza kuku. Surua ilizunguka kaya zote za jirani, kwetu haikukanyaga.

Lushinge alikufa mzee, bila kuniomba radhi, na sijamsamehe. Ila juzi nilimpeleka mjukuu wangu kwenye chanjo ya pili, ya mwaka na nusu. Ya kwanza alichomwa akiwa na miezi tisa. Siku hizi kina mama wanagombea foleni. Mbele yangu alikaa mjukuu wa Lushinge, ana mapacha. "Shikamoo, shangazi. Nishikie huyu, mwenzake anachomwa." Nikampokea yule mdogo, naye anaitwa Doto, kama pacha wa pili yeyote kwetu. Zamu yake ilipofika alipiga kelele hadi zahanati nzima ikageuka, kisha akanyamaza, akanyoosha kidole kwenye chupa yangu. "Maji," akasema. Nikampa, akanywa mpaka akaridhika.