Vigingi Mbele ya Nyumba ya Zilpah

Zilpah aliviona asubuhi alipotoka kuchuma mboga: vigingi vinne vya mbao vyenye vitambaa vyekundu, kati ya barabara kuu na nyumba yake ya Lugari. Vilizunguka kipande cha ardhi cha kutosha kumlaza mtoto.

Ndani, mwanawe Kageha wa miaka tisa alikuwa anakohoa. Pumu ilimshika tangu malori ya kwenda mpakani Malaba yalipozidi. Yakipanda kilima, moshi mweusi huingia hadi jikoni. Pumzi ya mtoto ilipiga mluzi mwembamba, na Zilpah aliishi kwa kuusikiliza.

Jirani yake Protus akapita na ng'ombe. "Mama Kageha, jana ukiwa sokoni watu walikuja kupima hapa. Mnamzika nani na hamjatuambia? Tungeleta hata kuni." Akacheka, akaenda zake.

Zilpah hakucheka. Mama yake alimfundisha kwamba kaburi hupimwa mtu akishakata roho; kumpima aliye hai ni kuyaita mauti. Aliving'oa vyote, akavitia mekoni. Uji wa Kageha ukachemka juu yake.

Saa nne chifu aliita baraza. Cherop, binti aliyekuwa afisa wa mazingira, alieleza kwamba reli mpya ya mwendo kasi inapangwa, ya treni za umeme zisizotoa moshi.

"Abiria wakihamia huko, reli ya zamani itabaki na nafasi ya mizigo. Mabasi na malori yatapungua hapa. Lakini lazima kwanza tuonyeshe mnavuta hewa gani. Tuliweka vigingi mahali pa mashine ya kupima hewa, penye moshi kuliko kote. Leo hatukuvikuta. Kama hamtutaki, mashine itaenda mji wa Turbo."

Kupima hewa. Zilpah akakumbuka vigingi mekoni. Akisema, wataamini amerukwa na akili. Akinyamaza, moshi utabaki na mwanawe. Akasimama.

"Ni mimi. Nimevipikia uji."

Watu wakaangua kicheko, Protus kuliko wote.

"Kwa nini, mama?" Cherop akauliza.

"Nilidhani mmempima mtoto wangu."

Kicheko kikakatika. Protus akainamia viatu vyake.

"Tulipaswa kukungoja urudi," Cherop akasema. "Pole, mama. Utatuonyesha vilipokuwa?"

Mashimo yalikuwa bado wazi. Protus alichonga vigingi vipya bila kuambiwa, lakini Zilpah hakukubali mtu mwingine avipigilie. Alimtoa Kageha nje, akamketisha kizingitini.

"Kaa hapo nikuone. Pumua nikusikie."

Akapiga cha kwanza kwa jiwe, kisha cha pili. Alipoinua jiwe kwa cha tatu, lori likapanda likinguruma, mluzi wa pumzi ya Kageha ukamezwa. Mkono wa Zilpah ukabaki hewani, hauteremki, hadi lori lilipopita na akausikia tena.