Jinsi tulivyomwaga msingi wa ukuta wa bahari Kisiwa Panza, na kosa langu la saa

Wakuu, salaam kwenu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Ujenzi sikuusomea darasani. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba, kwa video, na kwa kuwauliza mafundi maswali mpaka wakanichoka.

Dada yangu Mize ni mjane. Anaishi Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nyumba iko ukingoni mwa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia ndani katikati ya mikoko. Kila bamvua, maji yakijaa sana, ukingo ulikuwa unamegeka. Mwaka jana zilibaki hatua sita kufika chumba anacholala.

Wanawe wakamtaka ahamie kwao mjini, Tibirinzi. Akanipigia simu.

"Kaka, kama kuna dawa niambie. Kama hakuna niambie pia, nifunge mizigo."

Nikamwambia dawa ipo: ukuta wa zege na nondo, mita kumi na nane, msingi wake upite matope mpaka ukae juu ya jiwe.

Shida ya kazi hii ni muda. Mtaro wa msingi unafikika siku za bamvua tu, maji yanapokupwa kabisa. Na zege la msingi halifai kukatwa. Ukimwaga nusu leo na nusu siku nyingine, pale kwenye kiungo ndipo bahari itakapopitia.

Nikafungua jedwali la maji kwenye simu. Siku ya kumwaga zege, maji yangefika chini kabisa saa nne na dakika kumi asubuhi. Nikapanga: kuanza kumwaga saa tatu, kumaliza saa tano.

Siku mbili za mwanzo tulichimba, tukafunga nondo, tukasimamisha mbao. Siku ya tatu ikawa ya zege. Fundi Faki na wenzake walichanganya. Majirani wakashika karai. Wakaja na wanawake wanaolima mwani mdomoni mwa hori, mkubwa wao Bi Time.

Wakuu, asubuhi ile sijui niieleze vipi.

Upepo hakuna. Hori limebaki utepe wa maji yenye rangi ya maziwa, na mikoko imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo wasilowe. Karai zinapita mkono kwa mkono, hakuna anayetoa amri. Unasikia chepeo tu zikikwangua zege. Kaa wadogo wanachungulia mashimoni, wanarudi ndani, wanachungulia tena. Kuna wakati nilihisi sote tunapumua pamoja.

Turudi kwenye kazi. Tulichelewa kuanza, maana saa tatu mtaro ulikuwa bado una maji. Nilidhani watu wanachota kivivu. Hiyo ilikuwa dalili, nikaipuuza.

Saa nne na nusu zilibaki mita tano. Nikasimamisha kazi. Nikasema kiungo tutakitengeneza bamvua ijayo.

Bi Time akaweka karai chini. "Mbona wasimamisha?"

"Maji yanarudi, Bi Time."

"Yarudi wapi? Yangali yaondoka hayo."

"Jedwali linasema yameshageuka."

"Hilo jedwali lako lishawahi kuokota chaza hapa?"

Wenzake wakacheka. Faki naye alicheka, kaugeuza uso pembeni.

Sikukasirika, ila sikukubali pia. Nilichomeka kijiti penye maji, nikatia alama kwa kisu, nikasubiri dakika kumi. Maji yakashuka vidole viwili chini ya alama.

Jedwali lilikuwa sahihi, lakini kwa bandarini. Ndani ya hori maji hutoka kwa kupita mlango mwembamba na kupenya kwenye mikoko, kwa hiyo huchelewa. Pale huchelewa karibu saa nzima. Jambo hili nilishalisoma kitabuni, na sikulikumbuka nilipolihitaji.

Nikasema mbele ya wote, "Nimekosea. Tuendelee."

Bi Time akanyanyua karai.

Lakini dakika zangu zilishapotea, na zege lililokuwa limechanganywa lilianza kukaza. Faki akaamua litupwe. Maji yalipogeuka kweli, mita ya mwisho ilikuwa ndiyo kwanza imemwagwa.

Zege bichi haliogopi maji, maana saruji huganda hata ndani ya maji. Linaogopa kuoshwa. Tukalifunika kwa nailoni, lakini mifuko ya mchanga ya kukandamiza kingo zake haikutosha.

Bi Time akaketi juu ya ukingo wa nailoni. "Mzigo si ndo huu."

Mwenzake akaketi ubavuni mwake. Wakafika saba, huku na huku ya mbao.

Maji yakapanda taratibu mpaka viunoni, halafu vifuani. Wao wanazungumza habari za harusi ambayo pilau liliungua, kama wako barazani. Mize akawafuata ndani ya maji, birika kichwani, akawanywesha chai mmoja mmoja. Jua limetulia juu ya maji na hakuna aliyekuwa na haraka.

Zikapita karibu saa mbili.

"Injinia," akaita Bi Time, "tunyanyuke, au wangoja mwani utuote?"

Nikaingiza mkono, nikaligusa zege kwa kidole kupitia nailoni. Limeshika.

Bamvua kadhaa zimepita na ukuta uko juu ya msingi ule. Ukingo haujamegeka. Mize sasa anasema Tibirinzi ataenda kutembea tu, na asubuhi yake arudi.

Nililojifunza: jedwali linajua pale lilipopimwa. Matope ya mahali pako anayajua anayeyakanyaga kila siku, na huyo anatakiwa kuulizwa kabla ya kupanga saa. Ningemuuliza Bi Time mapema, asingekaa majini.

Mliojenga kando ya maji, baharini au ziwani, nyinyi mlipimaje muda wenu? Na kama humu yuko mhandisi anayeona tulitakiwa kufanya vingine, aseme. Nilishasahihishwa mbele ya kijiji, hapa siogopi.