TAFUTA na FUTA: nilivyopoteza beringi zote za duka la spea Singida

Wakuu, heshima kwenu.

Naona humu vijana wanatoana macho: nani anatumia terminal, nani anatumia vitufe vya kubofya. Nimeshindwa kukaa kimya. Haya yalinikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Miaka ya tisini, enzi za ruksa, maduka ya Singida mjini yalianza kujaa bidhaa. Mzee Akbar, muuza spea za baiskeli na mashine za kusaga, akanunua kompyuta ya mtumba. Akataka programu ya kumwonyesha kila spea iko shelfu ipi.

Tukajitokeza wawili, mimi na Elisante, tuliyesoma naye kozi ya kompyuta Dar. Yeye mtu wa Windows, picha na mouse. Mimi mtu wa DOS, skrini nyeusi, unaandika amri.

Tulibishana mpaka salamu ikakatika. Watu wazima na akili zetu.

Orodha ya spea tuliiandika pamoja, kila mtu akabaki na disketi yake. Mzee akasema kila mmoja alete programu, mkewe, Mama Nasrin, atachagua, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa kaunta.

Kwangu haikuwa mchezo. Baba alishatamka kwamba nikiikosa kazi hiyo, nirudi Ilongero kulima alizeti.

Elisante akaanza. Kazi yake ilipendeza, sikatai. Ila kale kamashine kalikuwa na memory ya kuungaunga. Mteja akaulizia fani belti, ile alama ya kusubiri ikakaa kwenye skrini mpaka mama akanyanyuka, akaichukua shelfuni mwenyewe. Mteja akaaga. Skrini bado inasubiri.

Nikaingia mimi, kifua mbele. Amri zangu zilikuwa Kiswahili kitupu: TAFUTA ya kutafuta, FUTA ya kufuta. Nilijiona mzalendo.

Mshaona tatizo? Mimi sikuliona.

Mama akaandika kwa kidole kimoja. Keyboard ngumu, herufi mbili za mwanzo hazikuingia. Ikabaki FUTA BERINGI. Akabonyeza Enter.

Skrini ikajibu: TAYARI.

"Mwanangu, inasema tayari. Mbona haisemi ziko wapi?"

Hazikuwa popote. Na mimi, fundi mkuu, nilikuwa naendesha programu kwenye disketi yangu hiyo hiyo moja.

Nikatoka nje. Elisante alikuwa barazani anatafuna karanga. Siku kumi na moja hatujasalimiana.

"Kaka, naomba disketi yako."

Nilitegemea anicheke. Akakung'uta maganda, akasema hata programu yake mama hakuipenda, twende wote.

Mama Nasrin alitusikiliza, kisha akasema, "Picha sitaki. Kuandika insha sitaki. Niwekeeni namba, nikibonyeza moja, initafutie."

Nikamuuliza, na kufuta je?

"Huko wekeni mbali, nisifike."

Tukatengeneza menyu ya namba ndani ya DOS, siku nne. Rangi alichagua Elisante. Kazi tukapewa wote wawili, na alizeti baba akalima mwenyewe.

Nilichojifunza: kabla hujagombana na mwenzio kuhusu skrini, nenda kakae kaunta kutwa nzima na atakayeitumia. Na weka nakala, mahali pawili.

Haya wakuu, nanyi mshawahi kufuta nini cha watu? Semeni tu, mabosi wenu hawasomi huku.